Mtoto Niliyemtoa kwa Adabu

Mama mkwe wangu alipotua Minneapolis, nilimkabidhi wanangu mapacha wote wawili kabla hata begi lake halijatokea. Nilisema kwa sauti, mbele ya mume wangu na mbele ya abiria wote waliokuwa wakisubiri mizigo, "Watoto ni wako hawa, mama! Ukitaka ondoka na mmoja, mie wamenichosha!" Kisha nikacheka, nikapiga makofi, nikampokea mkoba.

Mie ni mtu wa Muheza, Tanga. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kupewa vitu ambavyo hakuna anayetarajia avichukue. Ukiisifia kanga ya mtu atakwambia ichukue, nawe utasema aa, imekukaa mwenyewe, na mambo yanaishia hapo. Nyanya yangu aliwahi kumpa jirani nyumba nzima, vitanda na vyungu vyake, na jirani akaaga akaenda zake kulala kwake. Basi nilimtarajia mama mkwe aseme, "Aa, mwanangu, mama yao ni wewe," tucheke, tuelekee kwenye gari. Lakini yeye ni mtu wa Njombe, kule juu kwenye baridi na viazi. Aliwatazama mapacha, akanitazama mimi kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema, "Haya."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa akimalizia masomo ya udongo chuo kikuu, nami nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Tuliishi Fridley, ghorofa ya pili, vyumba viwili. Mapacha, wa kiume na wa kike, walikuwa na miaka miwili na nusu, umri ule ambao mtoto akinyamaza dakika mbili ujue kuna kitu kimevunjika au kimemezwa.

Wiki ya tatu ya ugeni, mume wangu alinikuta jikoni naosha vyombo. Akafunga mlango.

"Mama anasema umempa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kiume. Ananiuliza kama nguo zake za baridi zitamtosha Njombe."

Nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka. Yeye hakucheka. Alikuwa amesimama pale na uso wa mtu aliyetoka msibani, na nikaelewa kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akijua jambo hili, akidhani ni mimi niliyelipanga, na lilikuwa likimla moyo peke yake.

"Si kusema tu!" nikamwambia. "Mtu anasema!"

"Kwetu hakuna kusema tu," akajibu.

Na mtu asidhani lilikuwa jambo la ajabu. Miaka ile wenzetu wengi waliokuwa masomoni waliwarudisha watoto kwa bibi zao, wakawafuata baada ya miaka miwili mitatu. Mama mkwe hakuwa amesikia kitu kigeni. Alikuwa amesikia mkamwana wake, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, akimwomba msaada mbele ya watu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walinifundisha hivyo tangu utoto, na sikushika.

"Sasa mwambie haikuwa kweli," nikasema.

"Nimwambie mama yangu kwamba umempa mtoto ukamnyang'anya? Atajiuliza ana kasoro gani."

"Basi nitamwambia mie."

"Wewe ndiyo usithubutu kabisa. Nitatafuta nafasi nzuri."

Nafasi nzuri! Mume wangu ni mtu mpole, na watu wapole hutafuta nafasi nzuri mpaka mwaka unaisha. Mama mkwe alikuwa aondoke Alhamisi ya wiki iliyofuata. Pasi za watoto zilikuwa tayari, na wakala wa safari alikubali kutushikia kiti kimoja cha ziada mpaka Jumatatu asubuhi tu. Kwa hiyo ilitakiwa ifike Jumatatu tukiwa tumejua kama mwanangu anakwenda au anabaki. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Badala ya kuzungumza na mama yake, mume wangu akatangaza safari. Mama mkwe alikuwa ametuuliza mara nyingi, "Watu wa hapa ngoma yao ni ipi? Chakula chao ni kipi?" nasi kwa miaka minne tulikuwa tumejua maabara, wazee wa kuogeshwa, na kanisa. Tulikuwa na aibu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa kwaya tangu ujana wake, akaazima redio kaseti yenye kipaza sauti, akanunua kanda tupu sita, akaweka sheria: Ijumaa mpaka Jumapili tunazunguka, na kila tutakapofika tunakula chakula cha mahali na kusikiliza ngoma ya mahali. Kanda zitarudi Njombe na mama. "Na huko njiani nitazungumza naye," akaninong'oneza.

Tulikuwa na gari refu la zamani, tulilouziwa na mchungaji mstaafu. Mama mkwe alipoona jinsi tunavyowafunga watoto kwenye viti vyao vya gari, mikanda begani na kiunoni, akasonya. "Mtoto anafungwa kama mbuzi wa mnadani." Alitaka awapakate. Mume wangu akamweleza sheria, akamweleza polisi, akamweleza faini. Mwishowe mama mkwe akakaa katikati yao kiti cha nyuma, mkono mmoja kamshika wa kiume na mwingine wa kike, na hivyo ndivyo alivyosafiri siku zote tatu. Mimi nilikaa mbele na ramani mapajani, nikimtazama kwenye kioo.

Tulivuka Minneapolis, tukashika njia ya kusini mpaka Lakeville, ambako siku hizo shamba la mahindi lilikuwa likipakana na nyumba mpya ambazo hata rangi ilikuwa haijakauka. Tukanunua mahindi matamu barabarani, mahindi ya mwezi wa nane. Mama mkwe akayatafuna mabichi kidogo, akatema punje moja mkononi akaikagua. "Hili halifai ugali," akasema. "Ni peremende." Mapacha walikula mpaka mashavu yakang'aa. Yeye akawa anauliza, pole pole, akitazama dirishani.

"Huyu wa kiume asubuhi anakula nini?"

"Uji, mama."

"Wa nini?"

"Wa shayiri."

"Wa ulezi atakula?"

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama barabara, barabara iliyonyooka ambayo haikuhitaji kutazamwa namna ile.

Ijumaa hiyo tulikwenda kwenye ngoma ya Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, si mbali na Lakeville. Wanaume wanane walizunguka ngoma moja, wote wanaipiga pamoja, wote wanaimba kwa sauti ya juu ambayo sikujua inatokea wapi mwilini. Wachezaji walizunguka uwanjani na njuga miguuni. Mume wangu alitoa redio kaseti, mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba wimbo huu haurekodiwi, naye akairudisha haraka kwenye mkoba. Mama mkwe alisimama muda mrefu akitikisa kichwa.

"Hawa nawaelewa," akasema.

"Unaelewa nini, mama?" mume wangu akauliza.

"Sijui. Lakini nawaelewa."

Tukanunua mkate wao wa kukaanga, mkubwa kama sahani. Mama mkwe akaumega, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Andazi hili!" Na lilikuwa andazi kweli, ila lisilo na iliki. Alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono. Wa kiume akamfuata akidai iliyofungwa, naye akammegea. "Ngano nyumbani tunayo," akamwambia mtoto, wala si mimi. "Utakula haya kila Jumapili."

Nikamvuta mume wangu nyuma ya gari la kuuzia vinywaji. "Zungumza naye sasa." Akasema mama amefurahi, tusimharibie siku. Nikamwambia kesho basi, akaitikia kesho. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na mama yake, na nilipomwona mama yake anampangusa mwanangu mafuta ya andazi mdomoni kwa upindo wa kanga, taratibu, hasira ile ikakosa pa kukaa. Maana mtu huyu alikuwa amenikosea nini hasa? Nimempa, amepokea.

Jumamosi tulifika mji mdogo kwenye vilima vya karibu na Mto Mississippi, mji wa watu ambao babu zao walitoka Norwe. Kanisani kwao kulikuwa na chakula cha mchana cha kuchangia ukarabati wa paa, na vijana wawili na mzee mmoja walikuwa wakipiga fidla ukumbini. Mama mkwe aliuliza kama ni huzuni au furaha. Nilisikiliza sana. Mguu ulitaka kucheza na kifua kilitaka kulia, na watu wenyewe walikaa kimya wakinywa kahawa, huwezi kujua lolote kwa kuwatazama.

Chakula chao ni kitu chembamba kama chapati, cha viazi vilivyopondwa na kusukumwa, kinapakwa siagi na sukari na kukunjwa. Mama mkwe alikishika akakinusa. "Viazi," akasema. Akainuka. Nilidhani anakwenda msalani, kumbe amefuata harufu mpaka jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amesimama kati ya bibi wanne weupe wenye aproni, kaupokea mti wa kusukumia, anasukuma. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Bibi mmoja alimshika kiwiko kumwonyesha isiwe nene, naye akamshika yule kiwiko kumwonyesha kwamba ameshaelewa.

Na mgongoni, ndani ya kanga, alikuwa amembeba mwanangu. Mtoto ambaye mchana halali, ambaye kwangu usingizi ni vita, alikuwa amelala fofofo, shavu limebanwa mgongoni kwa bibi yake, unga wa viazi kwenye nywele.

Nilisimama mlangoni sijui nifanye nini na mikono yangu. Nilimwonea wivu, na nasema wazi. Nikajiuliza kama pengine ulimi wangu ulisema kweli pale uwanja wa ndege, kama pengine nilikuwa nimechoka nao kweli, na mama mkwe alisikia kitu ambacho mwenyewe sikukisikia. Nilikuwa nalala saa nne kwa siku. Kuna asubuhi nilizowahi kukaa kwenye gari, nje ya jengo letu, nikiogopa kupanda ngazi kwa sababu juu kuna watu wawili wananisubiri wanivae. Sasa mama wa namna hiyo anajuaje anachokitaka?

Jioni ile, kwenye hoteli ya barabarani, mama mkwe aliomba wa kiume alale naye. "Tuzoeane," akasema. Nikasema, "Haya, mama," kwa sauti tamu kabisa. Kinywa changu hicho hicho! Mume wangu aliposema, "Kesho, wallahi kesho," ingawa ni Mkristo na mzee wa kanisa, nilimgeuzia ubavu.

Jumapili tukarudi upande wa magharibi, kwenye mji wa Wajerumani. Baada ya ibada parokia yao ilikuwa na sherehe, meza ndefu ukumbini, kuku wa kuokwa, viazi vya kupondwa, na kabichi iliyochachushwa ambayo mama mkwe aliionja, akafumba macho, akaimeza kwa imani. Jukwaani walikuwepo wazee watano wenye fulana nyekundu. Mmoja na kodiani, mmoja na ngoma, mmoja na tarumbeta kubwa lililomzunguka mwili, na wawili ambao sikuona wanafanya nini ila walikuwa na jasho kuliko wenzao. Walipiga polka. Loo! Sijapata kusikia kelele za furaha namna ile kanisani. Wazee wa miaka themanini, wale wale ambao kazini kwangu ningewainua kitandani kwa mashine, walikuwa wakizunguka ukumbi wawili wawili kama pia.

Mume wangu aliweka redio kaseti mezani, akaiwasha, akawashika mapacha mkono huku na huku, akaingia nao kwenye kucheza. Alinipa jicho. Nililielewa jicho lile: alikuwa akikimbia. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya mwisho ya safari, na kesho yake asubuhi wakala wa safari angetaka jibu.

Tukabaki mezani, mama mkwe na mie, na mbele yetu mzee na mkewe tusiowajua wanakula keki.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilitaka kuanzia mbali, kama tufanyavyo kwetu, nimsifu kwanza, nimshukuru, nimzungushe kupitia afya ya mtoto na chanjo zake mpaka yeye mwenyewe aseme basi na abaki. Lakini tarumbeta lile halikuniruhusu. Maneno ya adabu hayapigiwi kelele, na pale bila kupiga kelele usingesikika hata na mtu wa ubavuni.

"Mama!" nikaita. "Yule mtoto!"

"Anacheza na baba yake!"

"Simtoi!"

"Nini?"

Nikapiga moyo konde. "Simtoi, mama! Nilisema vile kukukaribisha tu! Kwetu tunasema hivyo! Nisamehe, lakini mwanangu sitaki aende!"

Nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Mzee wa mbele yetu aliinua uma wake akatabasamu, nadhani alifikiri tumeipenda kabichi.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. Akanisogelea mpaka kilemba chake kikagusa changu, akasemea sikioni.

"Unamtaka?"

"Namtaka!"

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mama. Nikiwakosa nitakufa."

Akajishika kifua, akashusha pumzi ndefu. "Ahsante, Mungu," akasema.

Mnaonijua mnajua nilivyo. Sekunde ile ile nikapandwa na hasira mpya. Ahsante Mungu? Kwani mwanangu ana nini hata mtu amshukuru Mungu kwa kumkosa? "Kumbe hukumtaka?" nikamuuliza.

"Nimtake nimweke wapi?" akasema. "Nyumbani nina wanne."

Niliwajua hao wanne. Walikuwa watoto wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Baba yao alitangulia, mwaka uliofuata mama yao, ugonjwa ule ule ambao miaka ile watu waliutaja kwa kuinamisha kichwa. Nilijua kwamba wako kwa bibi yao. Tulikuwa tukiwatumia nguo. Lakini kujua jambo ukiwa Fridley na kulihesabu kichwani kwa vitanda na mabakuli ni mambo mawili, na hili la pili sikuwahi kulifanya.

"Sasa kwa nini ulikubali?" nikauliza.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulinipa. Ulikuwa umekonda, macho mekundu, unasema umechoka mbele ya watu. Nikasema, mwenzangu ameelemewa. Nikamhesabia nafasi. Yule mkubwa angelala chini na mdogo wake, huyu ningelala naye mimi. Ningefanyaje?"

Polka iliisha, watu wakapiga makofi, ikaanza nyingine. Nilitazama ule ukumbi. Mume wangu alikuwa amembeba wa kike begani, wa kiume anamzunguka miguuni akiruka nje ya mdundo kabisa. Nilikuwa nimepewa mwanangu tena. Nilitaka kucheka. Nikamshika mama mkono, nikamwambia anisamehe, nikamwambia yote ni ulimi wangu, nikamwambia sisi watu wa Tanga Mungu alituumbia mdomo kwanza.

Naye akacheka kidogo. Kisha akasema, akiwa bado kaushika mkono wangu, "Kwa kuwa leo tunasema kweli, nikwambie na mimi nilichokuja nacho."

"Sema, mama."

"Wa tatu kati ya wale. Yule wa kike, mwenye miaka saba. Wavulana ninawaweza, watalima. Huyu ana akili, mwanangu. Anasoma kila karatasi, hata ya kufungia sukari. Mimi miguu yangu unaiona. Nilitoka Njombe na neno moja, kuja kukuomba wewe, si mumeo, maana mtoto analelewa na mama. Nilitaka kukuomba umchukue. Lakini nilipofika tu, kabla sijakaa, ukasema hawa wawili wamekuchosha. Nikalimeza." Akainamisha kichwa tena sikioni mwangu ili nisikose hata silabi. "Sasa nakuuliza. Utamchukua?"

Nilijua jibu linalotakiwa. Nilijua pia ghorofa yetu ya vyumba viwili, na zamu zangu, na ngazi zile ninazoogopa kuzipanda. Nilijua kwamba mume wangu angesema ndiyo kabla swali halijaisha, na kwamba malezi yangekuwa yangu. Mawazo yote yaligongana kichwani na tarumbeta juu yake. Mie niliyegawa watoto wawili kwa pumzi moja, pale meza ya kuku nilitafuta neno moja la kweli, ndiyo au hapana, sikulipata.

Nikasema, "Tutaangalia, mama. Mungu akipenda."

Kwetu Tanga, mtu akikwambia tutaangalia, Mungu akipenda, unajua limekwisha, unaaga. Njombe sijui wanalisikiaje. Niliapa moyoni kwamba yeye atalichukua kama lilivyo, kwamba kweli tutaangalia, kwamba kweli Mungu akipenda. Lakini alikuwa amekaa nami wiki tatu na zaidi, na mtu huyu alikuwa mwepesi wa kujifunza. Akanipigapiga mkono mara mbili, akauachia, akanisogezea sahani. "Kula," akasema. "Kinapoa."

Mume wangu akarudi anahema, mtoto begani na mtoto mguuni. Akatutazama kwa zamu. "Mmezungumza?"

"Tumezungumza," mama yake akajibu. "Mtoto anabaki. Mkeo anawapenda wanawe."

Jinsi alivyofurahi! Alinikumbatia mbele ya Wajerumani wote, kitu ambacho hata siku ya ndoa yetu alikifanya kwa kusukumwa. Akanong'ona, "Nilijua mkiachwa wenyewe mtaelewana." Akageuza kanda upande wa pili arekodi zaidi. Niliwapakata mapacha, mmoja goti hili mwingine lile, nikawabana mpaka wa kike akapiga yowe. Mama mkwe aliwatazama wachezaji, akipiga mdundo mezani kwa kidole kimoja, na uso wake haukuwa na kinyongo chochote. Ningeona kinyongo ningejitetea.

Jumatatu tuliachia kile kiti. Alhamisi akaondoka peke yake na kanda zake. Kila wiki nilijiambia nitamwambia mume wangu Jumapili, kisha Jumapili nyingine, na mwaka ukapita hivyo, halafu ikawa ni jambo ambalo ukilisema itabidi kwanza ueleze kwa nini ulilinyamazia. Mama mkwe hakumwambia. Aliuliza mara moja, na alikuwa amejibiwa.

Yule binti alimaliza darasa la saba, akaishia hapo. Alikaa kwa huyu na kwa yule miguu ya bibi yake ilipokataa kabisa, na sasa ana duka la vyakula vya mifugo Makambako na watoto wake watatu. Hunipigia simu kila mwaka mpya. Huniita mama. Hunishukuru kwa nguo tulizokuwa tukiwatumia walipokuwa wadogo, anazikumbuka moja moja, koti la bluu, soksi za sufu, na mimi husikiliza mpaka amalize. Hajui kwamba niliulizwa.